Majina sita, kalamu moja: je, niombe kuandika peke yangu?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam. Nina umri wa miaka 23, naishi Temeke kwa mama yangu mdogo, na ualimu niliuchagua mwenyewe bila kusukumwa na mtu wala na alama za mtihani. Nakuandikia kwa sababu jambo linalonisumbua limefika mahali pa kuninyima usingizi, na kila ninapojaribu kuwaeleza wenzangu wanadhani najivuna.

Chuoni kwetu kazi nyingi tunaziandika kwa vikundi. Mkufunzi wetu wa somo la kufundisha Kiswahili anaipenda sana njia hiyo. Anasema kwamba uandishi wa pamoja ni njia ya kujifunza na hakuuweka ili apunguze madaftari ya kusahihisha, nami namwamini, kwa kuwa ni mtu anayesahihisha mpaka nukta na mkato. Taabu ni kikundi chetu. Tuko sita, na tangu muhula uliopita mimi ndiye katibu. Kazi inapotolewa tunakutana mara moja kwenye vimbweta, tunagawana vipengele, kila mtu anashika njia yake, halafu siku ya mwisho ninabaki mimi na kompyuta ya kuazima.

Naomba nikueleze tulivyo. Yupo kaka mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka tisa kwa cheti cha Daraja A kabla hajaja kusoma stashahada, huyo kila ninachosema hujibu, “Sawa tu, dada, wewe ndiye unayejua kuandika.” Yupo dada mwenye mtoto mchanga, anayekaa Kigamboni, ambaye kila jioni lazima awahi pantoni. Wapo vijana wawili wanaonitumia kurasa walizozitoa mtandaoni kama zilivyo, bila hata kubadili neno. Na yupo mwingine ambaye simu yake huita mpaka inakatika.

Kazi iliyopita ilikuwa kuandika andalio la somo la darasa la kwanza pamoja na maelezo ya kurasa kumi kuhusu kufundisha kusoma silabi zenye konsonanti mbili, kama mba na nda. Mpaka Jumapili usiku kitu cha maana nilichokuwa nimepokea ni kurasa mbili za mkono za yule dada wa Kigamboni, alizozipiga picha kwa simu. Alikuwa ameandika habari za mtoto wa jirani yake ambaye akiona neno “mbuzi” husoma “buzi”, na jinsi alivyojaribu kumsaidia barazani. Ilikuwa lugha ya mazungumzo kabisa, haina utangulizi wala hitimisho, nikaona haifai kwa kazi ya kitaaluma. Basi niliiweka kando, nikaiandika sehemu hiyo mwenyewe kwa kutumia kitini cha darasani. Asubuhi nikachapisha steshenari kwa fedha yangu ya nauli, nikaweka majina sita.

Tulipata alama 13 kati ya 20. Mkufunzi aliandika kwa kalamu nyekundu: “Maelezo yamepangwa vizuri, lakini watoto wako wapi?” Kisha darasani akamsimamisha mmoja wa wale vijana wawili, akamwomba aeleze hatua ya pili ya andalio letu. Kijana hakuweza kufungua kinywa. Darasa zima likaangua kicheko, na mkufunzi akanitazama mimi.

Sasa tumepewa kazi kubwa zaidi: kitini cha kurasa ishirini ambacho kila mmoja wetu atakwenda nacho kwenye mafunzo kwa vitendo shuleni. Nimechoka kubeba watu. Nafikiria kumwomba mkufunzi niandike peke yangu, au akikataa, niandike kama kawaida halafu niondoe majina ya wale watatu. Rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba mwalimu akishaajiriwa huingia darasani peke yake na chaki yake, kwa hiyo haya mambo ya vikundi ni ya kupita tu. Mama mdogo ananiambia nivumilie. Je, nikiomba kuandika peke yangu nitakuwa nimekosea? Na kweli mtu hujifunza nini akiandika na watu ambao hawaandiki?

Mwanachuo, Temeke

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika penseli, nikapiga mstari mahali pawili ambapo nitapafikia baadaye. Kwanza nikujibu ulichouliza. Usiombe kuandika peke yako, angalau si kabla ya kujaribu ninayokueleza hapa. Na majina ya wenzako usiyaondoe kwa siri, kwa maana utakuwa umetoa hukumu kabla ya kumsikiliza mtu. Uchovu wako ni wa haki. Mtu aliyetumia nauli yake kuchapisha kazi ya watu sita haambiwi avumilie, halafu mambo yakaishia hapo. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, kikundi chenu hakijawahi kuandika pamoja hata siku moja. Mmegawana, mkatawanyika, kisha mtu mmoja akaandika. Unataka kuiacha njia ambayo bado hamjaijaribu.

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno, na mimi nimeshuhudia maneno mengi yakiharibikia penye wengi, hasa pale ambapo kila mmoja anamngoja mwenzake. Jambo hili limepimwa. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapa watu kamba waivute, mmoja mmoja na kisha kwa makundi, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 ilionekana kwamba wakiwa wanane, kila mmoja alikuwa akitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Sehemu ya nguvu hiyo ilipotea kwa sababu hawakuvuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Bibb Latané na wenzake, waliwataka watu wapige kelele na makofi, wakawafanya baadhi yao waamini kuwa wako kundini ilhali kila mmoja alikuwa peke yake, na hata hivyo sauti zilipungua. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba mtu akijua mchango wake utatambulikana kuwa ni wake, ule ulegevu huondoka. Ninakueleza haya ili uone kwamba wenzako si lazima wawe wavivu wa kuzaliwa. Kazi yenye majina sita juu na mwandiko mmoja ndani humfanya hata mtu mwenye bidii alegeze kamba.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: mtu hujifunza nini? Nilikuwa mkufunzi kwa miaka mingi, na ipo siku moja ambayo sijaisahau. Wanachuo wanne walikaa mbele yangu kuandika andalio la somo la darasa la kwanza, na karibu kipindi kizima walikuwa kwenye sentensi moja. Wa kwanza aliandika: “Mwanafunzi aelewe silabi mba.” Mwenzake akamwuliza, “Utajuaje kwamba ameelewa?” Wakakaa kimya, kisha wakaandika: “Mwanafunzi aweze kusoma kwa sauti maneno matano yenye silabi mba, mbe, mbi, mbo na mbu.” Wa tatu, binti mpole ambaye sikuwa nimemsikia wiki nzima, akasema kwamba mtoto anaweza kuyakariri maneno matano ya ubaoni na kuyataja kwa mpangilio bila kuyasoma, kama anavyotaja vituo vya daladala. Wakaongeza: “ambayo hajawahi kuyaona ubaoni”. Wa nne akauliza, katika darasa la watoto 90 na kipindi cha dakika 30, nani atamsikiliza kila mtoto akisoma maneno matano? Hapo ikabidi waifute shughuli nzima waliyokuwa wameipanga, wakaja na kadi za maneno, watoto wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akiangalia picha iliyo nyuma ya kadi.

Itazame sentensi ile ilivyosafiri. Kila swali lilitoka kwa mtu tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na maswali yote matatu kichwani. Yule wa kwanza angeandika peke yake, angeandika “aelewe silabi mba”, angeweka nukta, na sentensi inayofuata ingejengwa juu ya hiyo. Andalio lingependeza machoni, na watoto wasingekuwemo.

Kumbe, mwanangu, kalamu nyekundu ya mkufunzi wako ilikuwa inauliza jambo hilo hilo: “Watoto wako wapi?” Na hapa ndipo penseli yangu ilipopiga mstari wa kwanza. Mtoto mmoja alikuwepo katika kazi yenu. Alikuwa kwenye kurasa mbili za dada wa Kigamboni, ameketi barazani, anasoma “buzi”. Wewe ndiye uliyemtoa.

Sisemi haya ili nikuumize. Nayasema kwa sababu kurasa zile zilikuwa na elimu ambayo kitini hakikuwa nayo. Fikiri kwa nini mtoto anasoma “buzi”. Huenda alianza na maneno kama “mtu” na “mtoto”, ambamo sauti ya m husimama peke yake kama silabi kamili: m-tu, m-to-to. Ukifika kwenye “mbuzi”, m haisimami tena peke yake. Imeungana na b, na silabi ni mbili tu: mbu-zi. Mtoto aliyezoea kuipa m pigo lake mwenyewe anaikuta haina pigo, anaona haisikiki, anairuka. Huenda sababu ya mtoto yule ni nyingine, pengine ni namna anavyotamka nyumbani, na hilo lingejulikana kwa kumwuliza dada yule maswali machache: je, mtoto akizungumza husema “mbuzi” au “buzi”? Neno “ndizi” analisomaje? Alimsaidiaje, na ilimchukua siku ngapi? Maswali hayo yakiandikwa pamoja na majibu yake yangekuwa kurasa nne za kazi ambayo chuo kizima kingeisoma. Wewe uliona lugha ya mazungumzo, ukadhani hamna kitu ndani. Lugha ya mazungumzo husahihishwa kwa nusu saa. Mtoto anayesoma “buzi” huwezi kumtunga usiku wa Jumapili.

Mstari wa pili niliupiga chini ya maneno ya yule kaka: “Wewe ndiye unayejua kuandika.” Mtu aliyefundisha miaka tisa ameingia darasani maelfu ya vipindi. Ameona nini kinatokea kadi zinapokuwa ishirini na watoto ni mia, anajua ni dakika ya ngapi watoto wa dawati la nyuma huanza kusukumana. Kisha anakuja chuoni, anasikia Kiswahili cha vitini, anaamua kwamba alichonacho hakiandikiki. Watu wa namna hiyo nimewafundisha wengi, na wananihuzunisha, kwa sababu ndio wenye mali tunayoitafuta. Usimpe karatasi tupu ukamwambia aandike kipengele cha tatu. Kaa naye, mwulize siku moja tu: ni somo gani la kusoma lililowahi kumshinda, na alifanyaje kesho yake? Wewe andika maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyapamba, halafu mpe asome. Atakuambia, “Hapa sivyo,” na atachukua kalamu mwenyewe ili aonyeshe ilivyokuwa. Mkono ukishashika kalamu kwa kusahihisha, haurudi tena kwenye “sawa tu, dada”.

Sasa kuhusu namna ya kufanya kazi hii mpya. Kabla hamjazungumza lolote kwenye kikao cha kwanza, kila mtu na aandike peke yake, kimya, kwa dakika ishirini, kwenye karatasi: ni kitu gani kinachomtia hofu zaidi kuhusu kuingia darasani kwenye mafunzo kwa vitendo, na angependa kitini kimsaidie nini. Ukimya huo ni wa lazima, kwa sababu katika kila kikundi yupo mtu mwepesi wa maneno ambaye akishafungua kinywa wengine hukunja mawazo yao na kuyarudisha mfukoni, na kwa kikundi chenu nadhani mtu huyo ni wewe. Kisha msomeane kwa sauti, wote sita, hata kama mmoja ameandika mistari minne tu.

Sita ni wengi kwa sentensi moja, kwa hiyo rasimu ziandikwe na watatu watatu, na kila kundi liwe na mtu mmoja mwenye watoto halisi kichwani: upande mmoja yule kaka, upande mwingine yule dada. Katika kila sehemu, kalamu aishike anayeijua sehemu hiyo kidogo kuliko wenzake. Najua utaona jambo hili ni la kinyume, lakini nimelifanya kwa miaka na ninaliamini. Anayejua analazimika kueleza mpaka aeleweke, na anayeandika hawezi kuandika asichokielewa, hivyo atauliza. Yule kijana aliyesimamishwa darasani akakosa la kusema asingekwama kama hatua ile ya pili ingekuwa imepita mkononi mwake. Kile kicheko cha darasa nacho sikukipenda hata kidogo; kijana alijifunza kuogopa, na mliocheka hamkujifunza chochote.

Halafu wekeni sharti moja, mliheshimu kama kiapo: hakuna anayefuta sentensi ya mwenzake akiwa hayupo. Usiporidhika nayo, piga mstari chini yake, andika swali lako pembeni na herufi za jina lako, na mngoje mwenyewe. Mkiwa na bando, hati ya pamoja ya Google Docs itawasaidia, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya nani amebadili nini na saa ngapi. Msipokuwa nalo, kaunta buku moja na kalamu za rangi tatu zinatosha kabisa, na mimi binafsi naona kaunta buku ni bora kwa wanaoanza, maana watu hulazimika kukaa kimbweta kimoja wakitazamana. Vikao viwe mchana kati ya vipindi, si jioni, kwa sababu mama mwenye mtoto mchanga asiachwe achague kati yenu na pantoni. Siku ambayo hawezi kufika atume ujumbe wa sauti, nanyi mwuandike neno kwa neno.

Wale wawili wa mtandaoni waambieni wasome kwa sauti hicho walichokileta, aya moja moja, na baada ya kila aya mtu aulize: mtoto wa darasa la kwanza wa Mbagala atakuwa anafanya nini hapa? Kurasa za kunakili hazistahimili swali hilo. Ama wataanza kufikiri, ama watabaki na karatasi tupu mbele ya watu wanne wanaoandika, na nafasi hiyo haikaliki kwa muda mrefu.

Kuhusu yule asiyepokea simu, mtafute ana kwa ana. Nimewajua wanachuo waliokuwa wakiendesha bodaboda usiku ili walipe ada, na wengine waliokuwa wakiuguza wazazi, na hawakusema mpaka walipoulizwa kwa upole na mtu mmoja, faraghani. Akiwa na shida, mpangieni kazi inayolingana na saa zake. Akiwa hana shida wala nia, mwambieni mbele ya kikundi tarehe ya mwisho, na kwamba kazi itakapowasilishwa kaunta buku itaambatanishwa kama ilivyo. Hapo mkienda kwa mkufunzi hamtakuwa mmemsengenya mtu.

Na kwa mkufunzi mwende, lakini mwende wote, na mapema. Mwombeni aione rasimu yenu katikati ya safari badala ya kungoja mwisho. Mwombeni pia sehemu ya alama itolewe kwa maelezo ya mtu mmoja mmoja, akimchagua yeyote na ukurasa wowote, na mtu aulizwe kwa faragha kuliko kusimamishwa mbele ya darasa. Mtu anayesahihisha mpaka nukta hatakataa ombi kama hilo. Niwaambie na wakufunzi wenzangu wanaosoma hapa: kikundi cha watu wanane kikipewa mada na tarehe tu, mtapokea kazi ya mtu mmoja, na kosa litakuwa la aliyeigawa kazi.

Rafiki yako anayesema kwamba mwalimu huingia darasani peke yake amesema kweli nusu. Atakuwa peke yake, ndiyo, na hapo ndipo sauti ya mwenzake inapomfaa. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alieleza kwamba kile ambacho mtoto anakifanya leo kwa msaada wa mwingine, kesho atakifanya mwenyewe, na kwamba mazungumzo ya nje hugeuka kuwa mawazo ya ndani. Nimeona ni hivyo hata kwa watu wazima. Wale wanachuo wanne, kila mmoja aliondoka na swali “utajuaje kwamba ameelewa?” likiwa limehamia kichwani mwake. Mmoja wao nilimtembelea shuleni miezi kadhaa baadaye, nikamkuta peke yake ofisini, anafuta neno “aelewe” kwenye andalio lake.

Tena hiyo nusu nyingine si kweli siku hizi. Chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, walimu hukutana shuleni mwao katika jumuiya za ujifunzaji, wakajadili somo lililowashinda na kulipanga upya kwa pamoja. Japani walimu wamekuwa na desturi hiyo tangu karne ya 19: wanaandika andalio kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa pembeni wakiwatazama watoto, kisha wanarudi mezani kulisahihisha andalio. Na tusiende mbali. Hapa hapa Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya, walimu wa Chuo Kikuu, waliandika tamthilia moja watatu kwa pamoja, ikachapishwa mwaka 1982, na kila mmoja wao alikuwa anaweza kuandika ya kwake mwenyewe. Kamusi ya Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ambayo vizazi vya walimu wameifungua mpaka majani yakachakaa, nayo ni kazi ya mikono mingi. Nadhani maana ya neno hupatikana vizuri zaidi pale ambapo mtu wa pili amesema, “Kwetu hatulitumii hivyo.”

Sitaki udhani kwamba napendekeza kila kitu kiandikwe kwa kikundi. Tafakuri ya mwalimu baada ya kipindi, ile ya kujiuliza nimekosea wapi, iandike peke yako na usimwonyeshe mtu mpaka uwe tayari. Na ikiwa baada ya vikao vitatu vya kweli, si vya kugawana, bado kalamu imebaki mkononi mwako, nenda kamwambie mkufunzi wazi kwamba unaomba kubadilishiwa kikundi. Hilo halitakuwa kosa, na kaunta buku itakuwa shahidi wako.

Lakini hilo ni la baadaye. Kesho, kabla ya kuitisha kikao chochote, mwahi dada wa Kigamboni kabla hajaondoka kwenda kivukoni. Mweleze kwamba kurasa zake hazikuingia kwenye kazi, maana inawezekana mpaka leo hajui, na umwombe radhi. Kisha mwulize kama bado anazo, na yule mtoto wa jirani anasomaje siku hizi.